Mjadala: Farasi mkubwa mkaidi, mnyororo wa puani unamfunza adabu au unamfunza nguvu zake?

Wapenda farasi wenzangu, naomba hili tulijadili waziwazi. Nazungumzia chotara wa farasi wa kukokota: mzazi mmoja Percheron, Shire, Clydesdale au Belgian, mwingine farasi mwepesi kama Thoroughbred. Akikomaa ana kilo 600 hadi 800, wengine hupita hapo. Sasa mnyama huyu akiwa na kichwa kigumu, anamkanyaga anayemhudumia, anamburuta anayemwongoza, anamsukuma kwa bega kila akipita mlangoni, afundishwe vipi?

Kuna wanaosema apitishiwe mnyororo juu ya pua, fimbo iwe mkononi, ajue mapema bosi ni nani. Kuna wanaosema apendwe, apewe karoti, atabadilika mwenyewe. Mimi kote kuwili naona kuna hatari, ila ya mnyororo ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu inahubiriwa na watu wanaoaminika.

Hoja yao naielewa. Mtu wa kilo 70 anamshika mnyama mwenye uzito mara 10 ya wake, basi lazima awe na kitu cha kupunguza hiyo tofauti. Na kweli mnyororo unafanya kazi siku ya kwanza. Mfupa wa pua umefunikwa na ngozi tu, hauna nyama, na kadiri unavyoshuka kuelekea matundu ya pua unazidi kuwa mwembamba hadi unaishia kwenye gegedu. Pale panauma sana. Farasi anatii, mwenyewe anafurahi.

Shida inakuja siku anaposhtuka kwelikweli. Anarusha kichwa, mnyororo unambana, maumivu yanamwongezea hofu, anasimama kwa miguu ya nyuma au anajitupa pembeni, na mshika kamba hana budi kuachia. Tangu hapo farasi amejua jambo ambalo hakupaswa kulijua kamwe: kwamba wewe humuwezi. Usalama wetu wote kwa mnyama wa ukubwa huu umesimama juu ya kutolijua hilo. Ndiyo maana nasema kadiri farasi anavyokuwa mkubwa ndivyo nguvu zinavyopaswa kuwa kitu cha mwisho kabisa kufikiriwa.

Tusisahau pia alikotoka. Wazee wake walichaguliwa, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu walipowekewa uzito waliuegemea na kuusogeza. Ukimvuta kichwa kwa nguvu, umempa mzigo, naye anafanya alichozaliwa kufanya.

Aliyewahi kumshika anajua anavyoondoka. Hakurupuki. Shingo inakakamaa kwanza, pua inageukia upande usio wako, bega linaingia kati yako na kichwa chake, halafu anatembea zake taratibu. Kamba ikishalala sambamba na shingo, vuta utakavyovuta, huna breki. Kwa hiyo kazi yote iko kabla ya hapo, pale pua inapoanza tu kugeuka. Rudisha pua kwako kwa mkono mwepesi, kisha wewe mwenyewe sogea kuelekea nyonga yake, mguu wa nyuma upite mbele ya mwenzake. Nguvu ya farasi inatoka nyuma, na miguu ya nyuma ikishapishana haiwezi kusukuma. Hakuna mvutano wowote hapo, ni suala la mahali unaposimama na wakati unaochagua.

Namna ninayoiamini mimi ni hii. Hatamu ya kawaida isiyo na lijamu, kamba ya mita 3 na nusu hadi 4, glavu mkononi, na kamba isizungushwe kiganjani hata mara moja. Simama usawa wa bega, pembeni kidogo, usikae mbele ya paji la uso kwa sababu mbele ya pua yake hakuoni vizuri. Kaza kamba kidogo kuelekea kifuani mwake, umwombe arudi nyuma. Mwanzoni atasimama kama hajasikia. Usiongeze nguvu haraka, mwangalie kifua na magoti: uzito huhama kwenda nyuma kabla kwato haijanyanyuka. Hapo hapo, ndani ya sekunde moja, legeza. Kulegeza ndiko kunakofundisha. Ukichelewa, amekwisha kufanya jambo jingine, labda ameegemea mbele tena, na hilo ndilo utakuwa umemlipa. Dakika 10 au 15 zinatosha kwa siku, hasa akiwa na miaka miwili au mitatu, kwa sababu mwili wake unadanganya. Kwa macho ni mtu mzima, kumbe mifupa ya uti wa mgongo bado inakomaa.

Wanaosema mnyama mkubwa hasikii vitu vidogo wamkumbuke Hans, yule farasi wa Ujerumani aliyeaminiwa kuwa anajua hesabu. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1907, Oskar Pfungst alionyesha kuwa Hans aligonga kwato mpaka muulizaji aliponyanyua kichwa kidogo sana, bila muulizaji mwenyewe kujua, ndipo akaacha. Kiumbe anayesoma hilo hahitaji chuma puani ili akuelewe.

Na lile la "lazima uwe kiongozi wa kundi"? Chama cha kimataifa cha sayansi ya mafunzo ya farasi, ISES, kimetoa tamko la kuonya juu ya kutegemea dhana za ubabe na uongozi wa kundi katika mafunzo. Mimi nakubaliana nao. Farasi anajifunza kinachomletea nafuu na kinachomletea usumbufu, cheo chako hakimhusu.

Sasa wa karoti. Chakula kinafundisha vizuri sana, lakini kinafundisha kile alichokuwa anafanya kilipomfikia mdomoni. Ukimpa huku amekubana ukutani anapekua mfuko wako, umenunua kubanwa. Mpe akiwa amesimama sawa, pua imeelekea mbele, mkono wako umenyooshwa mbali na mwili. Na kumwacha afanye atakalo kwa jina la upendo naona ni kumwonea. Kesho atashikwa na daktari wa mifugo, fundi wa kwato, au mtoto aliyetumwa kumtoa zizini, na mmoja wao ataumia. Farasi mkubwa asiye na adabu huishia kuuzwa mkono hadi mkono, na safari hiyo mara nyingi mwisho wake ni machinjioni.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita, nami ndilo linaloniuma zaidi: huenda si ukaidi kabisa. Aina hizi zina magonjwa yake. Upo ugonjwa wa misuli uitwao PSSM, ambao jeni yake ilitambuliwa mwaka 2008, na umeenea sana kwa Belgian na Percheron. Sukari hujilimbikiza kwenye misuli isivyo kawaida, farasi anakakamaa, anagoma kutembea, watu wanamchapa. Dawa yake kubwa ni kupunguziwa nafaka na kutembezwa kila siku. Upo pia ugonjwa wa neva ambapo farasi anakwenda mbele vizuri, lakini akiambiwa arudi nyuma mguu wa nyuma unanyanyuka juu na kutetemeka, mkia nao unainuka. Kwa huyo, zoezi lile lile nililolisifu hapo juu ni mateso. Na wenye manyoya marefu miguuni hushambuliwa na utitiri chini ya manyoya hayo. Wanapiga chini, wanampokonya fundi mguu, kisha tunawaita wakorofi. Pekua manyoya hadi kwenye ngozi, tafuta magamba na vidonda, muite daktari, ndipo uzungumzie tabia.

Najua wapo watakaosema samaki mkunje angali mbichi, na ni kweli, mtoto wa farasi aliyefundishwa kusimama na kuongozwa akiwa mdogo hatusumbui. Lakini wengi wetu tunampokea akiwa na miaka mitano, na kilo 700, na tabia za watu watatu waliotangulia. Dakika ya dharura, farasi mgonjwa lazima apakiwe garini usiku, mtu akitumia mnyororo mimi sitambishia. Nabishia kuuita mafunzo.

Kwa hiyo naomba wanaoutetea wanijibu jambo moja, kwa mfano halisi wa farasi waliyemshika wenyewe: kama mnyororo ulimfunza, mliuvua lini, na baada ya kuuvua alitembeaje?