Tupeane uzoefu: umemaliza sizoni ya Kikorea umebaki na arosto, ulihamia ipi inayofanana nayo?

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa wale wenye ugonjwa kama wangu, unamaliza sizoni saa tisa usiku, majina yanapanda kwenye kioo, usingizi hakuna, unaanza kusumbua watu "nipe nyingine kama hii" na mtu anakutajia jina la kwanza linalomjia. Unaomba ya kufanana na Jumong unapewa Boys Over Flowers, kisa zote Wakorea.

Mi naona shida iko kwenye swali lenyewe. Kufanana na Jumong kivipi? Kuna walioipenda kwa vita, kuna wa Soseono na misafara yake ya biashara, kuna wa Mopalmo mhunzi na mapanga yake ya chuma. Mimi kilichonimaliza ni kwamba steringi anaanza akiwa hovyo kabisa. Mtoto wa ikulu, muoga, upanga hajui kuushika, yeye ni wasichana tu, kaka zake Daeso na Youngpo wanamtafutia kifo, halafu kuja kufundishwa kupigana anafundishwa gerezani na mzee kipofu ambaye ndo baba yake mzazi na wote wawili hawana habari. Pale ndo niliponasa, epi 81 zikaisha kama mchezo.

Kwa hiyo nilichokuwa natafuta si vita, ni mtu anayetokea chini. Nikahamia Emperor of the Sea, wengine mnaijua kama Haeshin, ya kituo cha TV cha KBS, 2004 mpaka 2005, epi 51. Jang Bogo anaanza mtumwa anaishia kuwa bwana wa bahari nzima ya kule. Sasa kasheshe, Song Il-gook yuleyule wa Jumong humu ndani ndo adui, anaitwa Yeom Jang, katokea kwa maharamia. Mwanzoni kichwa kiligoma, mtu nimemshangilia epi 81 leo nimuombee mabaya? Lakini ndo adui mtamu kuliko wote, anampenda mwanamke yuleyule anayependwa na steringi, na kila akitaka kuwa mtu mwema mambo yanamrudisha kulekule.

Utaratibu basi: taja uliyomaliza, sema ni nini kilichokushika, sema ulihamia wapi na panapofanana. Mwisho wa stori usimwage tafadhali.

*

Mkuu unasema tusimwage halafu wewe mwenyewe umeshamwaga kwamba kipofu ni baba yake 😂😂

*

Jumong ya 2006 hiyo kaka, asiyejua mpaka leo hana mpango wa kuiangalia.

*

Kwa hapo hapo kwa Song Il-gook, mi kuna duka mtaani niliuziwa The Kingdom of the Winds wakaniambia hii ni Jumong ya pili. Nikaweka kwenye flashi mbio nyumbani. Si ya pili wala nini, Jumong ilikuwa ya kituo cha MBC hii ni ya KBS, 2008, epi 36, ila kuna ukweli kidogo maana Song Il-gook humu ni Muhyul, mjukuu wa Jumong. Yaani jamaa kajizalia mjukuu akamcheza mwenyewe. Mtoto anazaliwa na utabiri mbaya kwamba ataangamiza ndugu zake na nchi, inabidi mfalme Yuri amfiche, anakulia pangoni kwa wachora picha za ukutani.

Tahadhari sasa. Kama Jumong ulikuwa unaipendea utani wa wale washkaji zake Mari, Oi na Hyeopbo, humu utachoka, kuna giza mwanzo mwisho. Ila kama ulishikwa na mambo ya baba na mtoto wasiojuana kama mleta uzi, nenda moja kwa moja.

*

Mimi wa Dae Jang Geum jamani, Jewel in the Palace, epi 54. Vita sina habari navyo. Tulikuwa tunaangalia na mama, yeye hasomi maandishi ya chini kwa hiyo namsimulia huku naangalia na ukichelewa kumwambia Lady Choi kasema nini unapigwa kofi la bega. Kuna ile sehemu Jang-geum bado mtoto, wanaonjeshwa nyama wataje kilichotiwa utamu, wote wanasema sukari, yeye anataja tunda la hongsi, anaulizwa umejuaje, anashangaa swali, anajibu nilipotafuna nilisikia ladha ya hongsi ndo maana nikasema hongsi. Mama alicheka mpaka akanyanyuka, akasema huyu mtoto hana unafiki.

Kwa hiyo mimi nilichotaka ni mwanamke ambaye silaha yake ni kichwa na mikono, si uzuri. Dada mmoja kazini akanipa siri, achana na jina la sizoni angalia dairekta. Dae Jang Geum ni ya Lee Byung-hoon, na huyohuyo ndo wa Dong Yi ya 2010, epi 60. Dong Yi ni kijakazi kwenye idara ya muziki ya ikulu, mdadisi kama askari kanzu, anakutana na mfalme hamjui kama ni mfalme anamkanyaga mgongoni apande ukuta. Mfalme wa watu anahema pale chini! Hapo ndo nilijua nimefika.

Na raha yake haiishii hapo. Mtoto wa Dong Yi ndo anakuja kuwa mfalme Yeongjo, na huyo Yeongjo akishazeeka unamkuta kwenye Yi San, ya 2007, epi 77, ya dairekta yuleyule. Ndo yule mzee aliyemfungia mwanae Sado kwenye sanduku la mchele mpaka akafa, na hilo halikutungwa, lilitokea kweli mwaka 1762. San ni mtoto wa huyo aliyefia sandukuni. Ukishamlea Yeongjo akiwa mtoto mzuri kwenye Dong Yi halafu ukaja kumuona anafanya vile, utakaa kimya. Mimi nilitoka hapo nikaenda The Red Sleeve ya 2021, epi 17 tu, ni mapenzi yaleyale ya San na mjakazi wake ila safari hii tunaangalia kwa upande wa mwanamke, anajiuliza hivi kupendwa na mfalme ni bahati au kifungo. Anayependa kulia aanzie hapo.

*

Dada umeelezea vizuri ila niongezee kwa wema tu, Lee Byung-hoon anajirudia. Mtu wa chini, mwalimu mkali, anasingiziwa, anafukuzwa, anarudi, mbaya wake anaumbuka mbele ya mfalme. Ukiziangalia tatu mfululizo unajua kabisa sasa hivi anaingia mtu na barua. Mi nashauri ukimaliza moja upumzike na kitu kingine kabla hujarudi kwake.

Ila ukirudi, rudi na Hur Jun, ile ya zamani ya 1999 mpaka 2000, epi 64. Picha ni za kizamani vumilia. Steringi ni Jeon Kwang-ryul ambaye wa Jumong mnamjua kama mfalme Geumwa. Mwalimu wake wa utabibu hamchekei hata siku moja, anamtesa kweli, halafu anamwachia mwili wake mwenyewe pangoni na barua kwamba nikifa nipasue ujifunze. Nimeona wanaume wazima wanatoka nje kujifanya wanapokea simu. Hii tumeruhusiwa kuisema au nimemwaga?

*

Umemwaga 😭 nilikuwa naipakua sasa hivi

*

Hebu tugeukie wenye kupenda maadui. Mimi nikiwa na adui mzembe sizoni naifuta hata kama steringi ni mzuri kiasi gani. Kipimo changu ni Mishil wa Queen Seondeok, 2009, epi 62. Yule mama hapigi kelele. Anainua nyusi moja tu basi ukumbi mzima unajua leo kuna mtu haamki. Go Hyun-jung aliyemcheza alibeba tuzo kubwa ya MBC mwaka ule na hakuna aliyebisha. Utamu ni kwamba steringi Deokman anajifunza utawala kutoka kwa huyohuyo anayepigana naye, kila akishindwa anaenda kumuuliza wewe ungefanyaje, na Mishil anamjibu! Kwa kuwa anaheshimu akili.

Watu wakaniambia nenda Empress Ki ya 2013, epi 51, ni ileile. Si ileile. Ha Ji-won yuko vizuri, anaanza amevaa kiume anakuja kuishia malkia wa Wamongoli, na Ji Chang-wook kama yule mfalme mtoto mtoto anayekua vibaya ameua kabisa, ila maadui wanapokezana, akitoka huyu anaingia huyu, hakuna wa kukaa kwenye kiti cha Mishil. Kama wewe ulipenda Deokman basi utaipenda, kama ulipenda Mishil utakuwa unamtafuta epi zote 51. Aliyewahi kumpata mwanamke mwingine wa level ile aniambie nipo hapa.

*

Niko Mombasa, mimi zile za vilemba na farasi huniletea usingizi, mniwie radhi. Zangu ni za siku hizi, jamaa ana maisha mawili, mchana mtu wa kawaida usiku ni moto. Nilianza na City Hunter ya Lee Min-ho, 2011, kijana amelelewa awe kisasi cha mtu mwingine na hicho ndicho kilichonishika, kwamba hata hasira si yake. Ikaisha nikakaa vibaya sana. Rafiki akaniambia Healer, 2014, epi 20, Ji Chang-wook anajifanya mwandishi wa habari mwoga anayeogopa hata kupanda ngazi kumbe ndiye anayeruka mapaa usiku. Na yule mama anayemwongoza kwa kompyuta, amekaa tu anafuma sweta na kula kimbap, ule wali wa kuviringishwa kwa mwani, huku anadukua serikali nzima. Wallahi ningemtaka sizoni yake peke yake.

Halafu sasa mtanicheka. Kwa kutafuta nyingine kama hizo nikaangukia Iljimae ya Lee Joon-gi, 2008, epi 20, na hiyo ina vilemba! Ni mwizi wa usiku, akiiba anaacha mchoro wa tawi la maua, mchana ni mhuni wa sokoni, anatafuta upanga wenye alama aliyoiona siku babake anauawa. City Hunter ile ile imevalishwa kanzu. Nikaimaliza bila kusinzia.

*

Wale wa tajiri na maskini mko wapi mbona mmejificha? Najua mpo. Boys Over Flowers 2009, mtoto wa dobi na F4, yaani wale vijana wanne matajiri wa shule, halafu The Heirs 2013, Lee Min-ho tena tajiri tena, binti ni mtoto wa mfanyakazi wa ndani, mama yake haongei. Kwa wanaosema ni moja, mimi nakataa, ya kwanza yule tajiri Jun-pyo ni kichekesho, ya pili Kim Tan ana huzuni ya mtoto wa nje ya ndoa. Mwandishi wa Heirs ni Kim Eun-sook, mfuateni huyo: Secret Garden, Descendants of the Sun, Goblin, zote zake. Na The Glory pia ni yake, ile ya Song Hye-kyo anayelipiza kisasi kwa waliomchoma na chuma cha kunyooshea nywele shuleni. Mtu yuleyule aliyetuandikia vile vimaneno vya mapenzi, sikuamini.

*

Ukiongelea kisasi usiisahau Temptation of Wife, epi 129. Mume anamwacha mke azame baharini, mke anarudi amejichora kidoa chini ya jicho, na mume HAMJUI. Kidoa tu! Nimeiangalia yote na nitairudia.

*

Naomba msaada hapa, nimemaliza Sungkyunkwan Scandal, napenda zile mwanamke anajifanya mwanaume halafu steringi anaanza kujishuku. Nihamie ipi?

*

Inategemea ulikuwa unacheka au unaogopa. Kama ulikuwa unacheka, Coffee Prince ya 2007, epi 17, jamaa anakaribia kuchanganyikiwa kwa mfanyakazi wake wa mgahawani. Kama ulikuwa unaogopa atagundulika, basi The King's Affection ya 2021, epi 20, pale anayejificha ndo mrithi wa kiti mwenyewe, akijulikana ni shingo. Anza na Coffee Prince, wikiendi moja inatosha. Hiyo nyingine pika kabisa ndo ukae.