Nina barua ya Nietzsche, niiuze au niipeleke Weimar?

Mtundu_Jena: Wakuu, heshima kwenu. Niko Jena, Ujerumani, mwaka wa pili chuo. Nina barua ya Friedrich Nietzsche, yule mwanafalsafa wa Kijerumani, karatasi moja imekunjwa mara nne, mikunjo imeshakuwa njano. Nyaraka zake nyingi ziko Weimar, kwenye hifadhi ya Goethe na Schiller. Kuna mtu anaitaka kwa hela nzuri. Sijalala siku ya 3.

MamaKulwa: Umeipataje?

Mtundu_Jena: Nimeuliza niuze au nisiuze.

Kisiki: Mali ya Mjerumani hiyo! Babu yangu Lushoto alichimba chini ya mwembe miaka saba akitafuta sanduku lao. Alipata kitasa. Tunacho mpaka leo, ufunguo ndio hatuna.

MamaKulwa: Narudia. Umeipataje?

Mtundu_Jena: Haya. Wikendi namhudumia mzee mmoja, namfulia, namsomea magazeti. Ilikuwa ndani ya kitabu chake. Hana mtoto, na macho yenyewe hayaoni. Isitoshe kianzio nimeshapokea, nimelipia chumba.

Ustadh_Pangani: Mdogo wangu, huo ni wizi. Rudisha.

Daftari_Jeusi: Hata dada yake Nietzsche, Elisabeth, hakuwa na adabu. Kaka hajiwezi, yeye kashika makaratasi yote. Barua alizoandikiwa mama yao akazigeuza kuwa zake. Madaftari yakakatwakatwa na kuungwa, 1901 kikatoka "Nia ya Kutawala", eti kitabu cha marehemu. Ikabidi Waitaliano wawili, Colli na Montinari, waje kuyasoma upya moja moja. Yako ina tarehe?

Mtundu_Jena: Turin, Machi 1889. Imepigwa kwa mashine ya kuandikia, herufi kubwa na ndogo, safi kabisa.

Daftari_Jeusi: Chai. Januari 1889 alirukwa na akili hapo Turin, rafiki yake Overbeck akaenda kumchukua. Mwezi haujaisha kalazwa Jena, hukohuko unakosema unasoma. Na mashine aliipata 1882, mviringo kama nungunungu aliyejikunja. Ilikuwa na herufi kubwa tupu.

Mtundu_Jena: Labda tarehe nimeisoma vibaya. Inaweza kuwa 1882.

Kisiki: Na herufi ndogo umezisoma vibaya? 😂

MamaKulwa: Ama mleta mada anatunywesha chai, ama mzee wa watu aliuziwa feki tangu ujana wake. Weka picha.

Mtundu_Jena: Picha baadaye. Kwani kianzio kikishaliwa, mtu anaweza kukudai?