Kaseti yangu ya Grateful Dead, Cornell 1977: inakimbia au ndivyo walivyopiga?

Kaseti_ya_Mjomba:
Wakuu, naombeni msaada. Mjomba aliniachia kaseti ya Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, onyesho la Mei 8, 1977, Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell. Yeye alinakili kwa rafiki, rafiki naye kwa mwingine. Ninaipenda hasa kwa nyimbo walizochukua kwa watu: “El Paso” ya Marty Robbins, “Mama Tried” ya Merle Haggard, na “Dancing in the Street” walivyoivuta mpaka unasahau ilianzia wapi. Halafu kule mwishoni “Morning Dew”. Hiyo nikiisikia naacha kila ninachofanya.

Shida ni hii: nikishika gitaa nipige nao “Morning Dew”, hatukubaliani. Nyuzi zangu ziko sawa, wao wako juu kidogo. Jerry Garcia, mwimbaji na mpiga gitaa wao, anaimba kama mtu aliyetoka kupanda ngazi mbio. Ni wao au ni kaseti? Na nikitaka nakala bora, nichukue ya kwenye mikseri (mashine ya kuchanganya sauti za jukwaani) au ya mtu aliyekuwa na maikrofoni ukumbini?

Nyuzi6:
Ni kaseti. Wimbo huo waliupiga kwenye ufunguo wa D. Deki moja (mashine ya kaseti) ikinakili polepole, nakala yake ukiicheza kwenye deki ya kawaida inakimbia na sauti inapanda. Nusu toni nzima ni kama asilimia 6 ya mwendo. Iingize kwenye kompyuta, punguza mwendo kidogo kidogo mpaka D yao ikae juu ya D yako.

MtuWaReli:
Ndugu, umerithi kitu kizuri, usiitupe. Kwanza sikiliza makofi. Yakipigwa sikioni mwako, aliyerekodi alikuwa katikati ya watu. Yakiwa mbali kama nyumba ya pili, hiyo imetoka kwenye mikseri. Onyesho hilo alilirekodi Betty Cantor-Jackson, fundi wao mwenyewe, na mkono wake unausikia: besi ya Phil Lesh imesimama peke yake, haijamezwa na ngoma. Reli zake nyingi, yaani kanda kubwa za asili za magurudumu, zilikuwa kwenye ghala la kukodi, malipo yakakwama, zikapigwa mnada 1986. Walionunua ndio waliowafikishia wakusanyaji nakala. Toleo rasmi lilikuja 2017.

Lakini usidharau za ukumbini. Bendi yenyewe iliwatengea warekodi sehemu yao kuanzia 1984, mradi tu kanda zisiuzwe. Kwenye nyimbo walizochukua kwa watu nazipenda kuliko za mikseri, kwa sababu unasikia ukumbi ukiutambua wimbo. “Not Fade Away” ya Buddy Holly bila makofi ya watu kwangu ni nusu ya wimbo.

Na ukishaipata “Morning Dew” sawasawa, mtafute mwenyewe aliyeitunga, Bonnie Dobson wa Kanada. Kwake ni wimbo mtulivu wa watu wawili waliobaki baada ya vita vya nyuklia. Ndipo utaelewa kwa nini Garcia anaanza kwa kunong’ona.

Kaseti_ya_Mjomba:
Asanteni sana. Makofi yako mbali, kwa hiyo ni ya mikseri. Nimepunguza asilimia 4 na gitaa limekubali. Dobson nimemsikiliza mara tatu jana usiku. Ila Garcia sasa ni mzito, mtu mzima, siyo yule niliyekua naye chumbani kwa mjomba. Faili la zamani nimelihifadhi pia.