Uliwahi kuuza nyumba yako? Tupeane uzoefu wa makosa yaliyotugharimu

Mtoto wa Tatu: Ndugu wanajamvi, jana nikipita Tandika nimeona ukutani maandishi mekundu yasemayo NYUMBA HII HAIUZWI, nikakumbuka mwaka 2014 tulipotaka kuuza nyumba ya marehemu baba. Watoto tuko watano. Wanne tulikubaliana kwa simu, na wa tano, aliyekuwa Songea, tulimhesabu kuwa mdogo atakayefuata wakubwa wake. Hatukuwa hata na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, lakini arubuni ya milioni 4 tulikwisha kuipokea na kugawana. Siku mnunuzi alipokuja na mkewe kupima madirisha ya mapazia, alikuta maandishi kama hayo ukutani, rangi bado mbichi. Kurudisha fedha zilizokwisha kuliwa kulitutesa kuliko msiba wenyewe. Nanyi tuambieni yaliyowapata.

Pwani Tulivu: Kwetu ni hivyo hivyo, ila aliyeandika ukutani alikuwa shangazi.

Mstaafu wa Reli: Mimi nilikosea kwa dalali. Nilipokea milioni 60 nikamshukuru Mungu, na miezi miwili baadaye nikakutana na mnunuzi msikitini, akaniambia kwa nia njema kabisa kwamba zile milioni 68 alizolipa hazijutii. Dalali alikuwa amekula milioni 8 za juu, na juu yake nikampa tena asilimia 10 ya ile 60 yangu.

Dalali Mkweli: Mzee wangu, shikamoo. Naomba kuuliza kwa heshima: si ninyi wenye nyumba mnaotuambia, "Mimi nataka sitini yangu mkononi, ya juu utajua mwenyewe"? Tukijua wenyewe, mnalia.

Mstaafu wa Reli: Marahaba. Sikusema hivyo.

Dalali Mkweli: Basi wewe ni wa kwanza.

Binti Same: Jina lako na kazi yako havikai chumba kimoja, kaka. Dawa ni muuzaji na mnunuzi kukutana ana kwa ana kabla bei haijafungwa, na ujira wa dalali kuandikwa.

Mama wa Kimara: Nimesoma hapa tangu asubuhi nikijizuia, lakini acha niseme. Nilistaafu nikataka kurudi Moshi, nikaiuza nyumba kwa milioni 110. Mnunuzi alikuwa kijana mwenye adabu, ananiita mama, akija anavua viatu mlangoni. Alilipa milioni 40, akaniomba hati halisi ili akafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani kuhakiki mmiliki ni nani na kama nyumba ina deni, nami nikampa, kwa kuwa sikujua kwamba upekuzi hauhitaji hati yenyewe. Namba na nakala vinatosha. Kisha akaomba funguo ili fundi aanze kupaka rangi. Nilimkabidhi funguo saba zilizofungwa kwa kamba ya kiatu, nikamwonyesha hata ule wa stoo unaohitaji kutikiswa kidogo kabla haujageuka. Mkataba tulitia sahihi kwa wakili aliyeletwa na yeye. Mwezi haukuisha nikasikia kuna wapangaji ndani, na simu yangu haipokelewi tena. Nikafungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba, nikiamini kwamba ukweli wangu unajitosheleza. Wakili wake alisimama, akafungua ule mkataba, akasoma kwa sauti mstari usemao kwamba muuzaji anakiri kupokea fedha zote, kisha akauinua ili niione sahihi yangu chini yake. Nilikaa pale nikiitazama herufi ya kwanza ya jina langu, jinsi nilivyoipamba. Fedha zilizobaki nilizipata vipande vipande kwa miaka mitatu, kwa kusuluhishwa na wazee wa kanisa, na saruji ya Moshi ilikuwa imekwisha kupanda bei.

Pwani Tulivu: Pole sana, mama.

Hesabu Kali: Pole, mama, lakini mtu mzima anatiaje sahihi kwamba amepokea fedha asizozipokea?

Binti Same: Huo si uungwana. Mtu ameeleza kidonda chake, wewe unakitia chumvi.

Mama wa Kimara: Mwache, mwanangu, ameuliza vyema. Miwani niliisahau kwa binti yangu Tegeta, nikaona haya kusema kwamba sioni.

Hesabu Kali: Nisamehe, mama. Basi na mimi nitoe nilichonacho, kwani kwangu tatizo lilikuwa kodi. Ukiuza kwa faida unadaiwa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania. Nyumba uliyoimiliki na kuishi mwenyewe miaka mitatu au zaidi inasamehewa, ilimradi faida haizidi milioni 15. Mimi nilijenga kwa miaka tisa, tofali kwa tofali, na risiti nilizitupa, hivyo sikuweza kuthibitisha gharama zangu. Tangu mwaka 2022 sheria imempa asiye na kumbukumbu njia ya kulipa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa na mthamini wa serikali, ile iliyo kubwa. Wekeni risiti za nondo na mabati.

Kijana wa Goba: Andikeni bei ndogo kwenye mkataba, mambo yaishe.

Hesabu Kali: Mthamini atakuja na thamani yake, na siku mnunuzi akikugeuka utadai kwa karatasi ipi? Mama hapo juu amekwisha kukujibu.

Mgeni wa Jiji: Ofisi ya serikali ya mtaa imenitaka asilimia 10 ili nigongewe muhuri. Ni halali?

Pwani Tulivu: Mimi nililipa.

Binti Same: Mimi niliomba nionyeshwe sheria na nipewe stakabadhi. Muhuri ukagongwa bure, tena kwa kunong'onezwa.

Mstaafu wa Reli: Msisahau wenzi wenu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake.

Kijana wa Goba: Wangu alitia sahihi kabla yangu, majirani walikuwa wamemchosha. Tulichosahau ni mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, ambayo kodi ya jengo hukatwa humo. Mnunuzi alinunua umeme siku ya kwanza, akakatwa deni letu la kodi ya jengo, akanipigia saa nne usiku.

Dalali Mkweli: Mtoto wa Tatu, hiyo nyumba ya Tandika yenye maandishi mekundu iko mtaa gani? Nina mteja.