Tupeane uzoefu: bendi za roki na metali ambazo ni wajina

Mwanzisha mada
Ndugu wapenzi wa roki na metali, naomba tupeane visa vya bendi tofauti zinazotumia jina moja: ulikutana nazo vipi, ulizitofautishaje, na kama unafahamu, jina lilibaki kwa nani. Zile zilizogawanyika zikazaa makundi mawili yaliyogombea jina, kama Batushka ya Poland, tuziweke kando, kwani huo ni ugomvi wa mirathi na unastahili uzi wake.

Naanza na Nirvana. Mjomba wangu, aliyesoma Uingereza, alirudi nyumbani na santuri ya Nirvana ya mwaka 1967, na kila nilipoitaja shuleni nilichekwa, maana huo ndio mwaka aliozaliwa Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana maarufu ya Marekani. Mjomba alikuwa sahihi. Nirvana yake ilikuwa ya London, ya Patrick Campbell-Lyons kutoka Ireland na Alex Spyropoulos kutoka Ugiriki, na muziki wake ulikuwa laini, usiofanana hata kidogo na magitaa ya vijana wa Aberdeen, jimbo la Washington, walioanza mwaka 1987. Wakongwe hao walifungua kesi Marekani, na mwaka 1992 pande mbili zikamalizana nje ya mahakama kwa makubaliano kwamba kila moja iendelee kulitumia jina. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba mwaka 1996 Nirvana ya London iliurekodi upya wimbo "Lithium" wa wajina wao.

Mchangiaji wa Nairobi
Kwangu ni Death. Mwenzangu mmoja aliagiza kutoka ng'ambo fulana ya Death ya Florida, bendi ya metali, na mzigo ulipofunguliwa hapakuwa na mundu wala utando wa buibui vinavyopamba jina la kundi la Chuck Schuldiner. Muuzaji alikuwa ametuma fulana ya Death ya Detroit, kundi la ndugu watatu Weusi wa ukoo wa Hackney, ambalo hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amelisikia.

Tulikaa usiku ule tukilisikiliza, na kwa kweli tulipigwa na butwaa. Mwaka 1975 ndugu hao walikuwa wakipiga roki ya kasi na ghadhabu ambayo wengi wetu tulidhani ilianzia kwa panki wa London. Clive Davis, bosi wa lebo za muziki wa Marekani, alikuwa tayari kuwagharamia kwa sharti kwamba wabadilishe jina. David, kiongozi wao, akakataa, na mpango ukafa. Mwaka 1976 walitoa wenyewe santuri ndogo, nakala 500 tu, kisha kanda zao zikakaa darini hadi albamu ilipotoka mwaka 2009, wakati David alikuwa amekwisha kufariki. Schuldiner naye, ambaye kundi lake lilianza kwa jina la Mantas kabla ya kuwa Death mwaka 1984, alifariki mwaka 2001, kwa hiyo albamu hiyo haikumkuta. Fulana haikurudishwa.

Mchangiaji wa Toronto
Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam aliniagiza albamu ya kwanza ya Bush, wale Waingereza wa Gavin Rossdale, na katika duka la mitumba nikaikuta imeandikwa Bush X. Kaka alipoiona picha ya kava alisisitiza kwamba ni nakala bandia. Haikuwa bandia. Hapa Kanada kulikuwa na Bush nyingine, ya mpiga gitaa Domenic Troiano, iliyotoa albamu mwaka 1970, naye alikuwa na haki ya jina nchini humu, hivyo Waingereza walilazimika kuongeza herufi hiyo. Mwaka 1997 Troiano aliwaruhusu kuiondoa, baada ya wao kukubali kuchangia dola 20,000 kwa kila mmoja wa mifuko miwili ya hisani. Naona huo ulikuwa uungwana usio wa kawaida katika biashara hii.

Mchangiaji wa Arusha
Warrant. Programu ninayosikilizia muziki iliwachanganya Warrant wa Ujerumani, wenye metali ya kasi ya mwaka 1985, na Warrant wa Los Angeles, wenye nywele za saluni, katika ukurasa mmoja. Mke wangu aliuliza kama mwimbaji amekabwa na mfupa.

Mchangiaji wa Mombasa
Sijui kama hiki kinaingia: The Zombies, Waingereza, walikuwa wamekwisha kuvunjika wimbo wao "Time of the Season" ulipovuma Marekani mwaka 1969, na mawakala wakapeleka majukwaani makundi ya bandia kwa jina hilo. Katika moja la makundi hayo walikuwamo Dusty Hill na Frank Beard, ambao baadaye walikuwa sehemu ya ZZ Top, bendi maarufu ya roki ya Texas.

Mwanzisha mada
Kinaingia kwa shida, ndugu yangu, kwa sababu wajina hukutana kwa bahati, ilhali hao waliazima jina bila ruhusa ya mwenyewe. Lakini kisa ni kitamu, kibaki. Kwa Arusha: katika mafaili yangu huandika nchi na mwaka wa kuanzishwa mbele ya jina la bendi, kama inavyofanya kamusi ya mtandaoni ya Metal Archives, ambayo huorodhesha wajina kwa nchi zao. Kwa Slayer, bendi ya metali, naongeza na mji, kwani wale wa Los Angeles walikuwa na wajina wao wa San Antonio, Texas, ambao leo wanajulikana kama S.A. Slayer, na wote ni Wamarekani.