Bweni la kimataifa kabla ya chuo: Moshi, Arusha au Nairobi? Tuko Dodoma

Mzazi_Ilazo
Wakuu, habari za jioni. Binti yetu amemaliza kidato cha nne Novemba, matokeo tunayasubiri mwishoni mwa Januari. Tumekubaliana na baba yake asiende kidato cha tano cha kawaida, bali shule ya kimataifa ya bweni kwa miaka miwili, kisha chuo. Mezani ziko tatu: moja ya IB (diploma ya kimataifa) Moshi, moja ya Cambridge (A-Level ya Uingereza) Arusha, nyingine ya Cambridge Nairobi. Ada hazipishani sana. Ipi bora? Mwezi ujao tunatakiwa kulipa amana ya kushika nafasi.

Mdau_Kisasa
Dada, umeacha jambo kuu. Anataka kusomea nini, na chuo cha nchi gani? Bila hayo mawili kila atakayekujibu anapiga ramli. Tuambie pia kama Fizikia ameifanyia mtihani, na kama hiyo amana inarudishwa.

Hombolo82
Mimi IB bila kusita. Masomo sita, matatu kwa kiwango cha juu, kila moja alama 7, hizo 42. Insha ndefu ya maneno 4,000 na Nadharia ya Maarifa zinaongeza hadi 3, jumla 45. Mtoto aliyeandika insha ile akifika chuo hahangaiki na kutafuta vyanzo. Halafu anaweza kusoma fasihi ya Kiswahili kama lugha yake ya kwanza pamoja na Kiingereza, akatoka na diploma ya lugha mbili. Ulizeni tu kama shule ina mwalimu wa Kiswahili. Kama hayupo, mtoto huwekwa kwenye mpango wa kujisomea, na huo ni wa kiwango cha kawaida tu.

Mwl_AreaC
Mama, kabla hujalipa soma hili lote.

Kuna kijana wa hapa mjini alisoma IB bwenini, shule siitaji. Alichukua Baiolojia na Kemia kiwango cha juu, Hesabu kiwango cha kawaida, akamaliza na alama 34. Ni matokeo mazuri. Akaomba udaktari wa binadamu hapa nchini, akakosa. Akarudia dirisha la pili la udahili, akakosa tena. Sababu ni kwamba mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa kozi hiyo unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu, na yeye Fizikia hakuwa nayo.

Haukuwa uzembe wake. IB imepanga masomo katika makundi sita na mwanafunzi huchukua moja kila kundi. Sayansi ni kundi la nne. Kundi la sita, la sanaa, unaweza kuliacha ukaongeza sayansi ya pili, na hapo kwa kawaida ndiyo mwisho. Ya tatu inahitaji shule iombe kibali cha mpangilio usio wa kawaida, ikionyesha sharti la chuo husika, na hiyo hufanywa mwanzoni mwa mwaka wa kwanza. Ukigundua mwaka wa pili umeshachelewa.

Akaamua kuifanya Fizikia ya Cambridge kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nayo ina karatasi ya 3, ambayo ni ya vitendo maabara. Vituo viwili vilimkataa kwa sababu havipokei watahiniwa wa nje kwa karatasi hiyo. Alipopata kituo, mwaka ulikuwa umekatika.

Na bado. Aliyesoma mtaala wa nje anahitaji ulinganifu wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani lilinganishe matokeo yake na ya hapa, kabla ya kuomba chuo. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na majina matatu, cha IB mawili, na moja limeandikwa kwa herufi tofauti. Ikabidi atafute hati ya kiapo. Siku ya usajili shuleni hakikisheni jina linafanana herufi kwa herufi na cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne.

Mzazi_Ilazo
Shikamoo mwalimu, na asante sana. Samahani, kweli sikusema. Ni udaktari huohuo anaoutaka. Yeye anataja UDOM au MUHAS, baba yake anataka Uingereza. Fizikia amefanya.

Mdau_Kisasa
Unaona sasa. Hilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza.

Hombolo82
Kwa Uingereza hoja ya mwalimu inapungua nguvu. Vyuo vingi vya udaktari kule vinataka Kemia na Baiolojia, Fizikia si lazima. Kinachowaangusha watoto ni tarehe: maombi ya udaktari kupitia UCAS, mfumo wa maombi ya vyuo vya kule, hufungwa 15 Oktoba, miezi michache tu tangu aanze mwaka wa pili, na UCAT, mtihani wa kuombea udaktari, unakuwa umeshafanyika kabla ya hapo. Shule hutuma alama za makadirio. Ulizeni makadirio hutolewa lini na kwa kigezo kipi.

Mwl_AreaC
Na mwambie ukweli kuhusu nafasi. Viti vya udaktari kwa wanafunzi wa kimataifa kule ni vichache mno. Mtoto asibaki na mlango mmoja. Cambridge yenye Fizikia, Kemia na Baiolojia inamfungulia hapa na kule.

Mtera_Darajani
Mbona kidato cha tano PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) mmekitupa haraka hivyo? Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, ndani ya dirisha la kwanza la udahili, bila ulinganifu wowote. Ya Cambridge ya Mei na Juni hutoka Agosti, anaanza kukimbizana na dirisha akiwa na taarifa ya matokeo tu, cheti chenyewe bado. Mikopo nayo ni hivyohivyo, mwenye cheti cha nje hupitia ulinganifu kwanza.

Hombolo82
Mkuu, kwa kidato cha sita vyuo kadhaa vya Uingereza vitamtaka mwaka wa maandalizi kwanza, tena kwa ada ya kule. Hesabu hiyo hukuiweka. Na ya IB hutoka mapema Julai, hakuna kukimbizana.

Mtera_Darajani
Mwenye ndoto ya Uingereza ni baba. Mtoto kasema UDOM.

Nanenane_Stendi
Ongezeni na safari. Dodoma hadi Arusha kwa Kondoa na Babati ni lami tupu, basi la asubuhi linamfikisha mchana au jioni. Moshi ongeza kilomita 80 hivi. Nairobi kuna mpaka wa Namanga, pasipoti, kibali cha mwanafunzi, na akiwa chini ya miaka 18 bila mzazi abebe barua ya ridhaa. Jambo ambalo wazazi wengi hawaulizi ni likizo ya katikati ya muhula: mabweni mengine hufungwa, mtoto lazima awe na mlezi karibu. Je, mna ndugu Arusha?

Mzazi_Ilazo
Shangazi yake yuko Njiro. Nairobi hatuna mtu. Na amana nimeuliza, wanasema hairudi. Wametupa bei kwa dola.

Mdau_Kisasa
Kama ni ile ya Arusha, kanuni za 2025 zinakataza kutaja au kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Omba ankara ya shilingi. Na iwe na kila kitu: ada ya mitihani, maabara, safari za masomo, kalkuleta ya grafu kama wanaitaka. Ada ya mitihani mara nyingi imo pembeni.

Mwl_AreaC
Ukienda kuitembelea, usiishie kwenye bwawa la kuogelea. Ingia maabara. Uliza wanafunzi wangapi kwa meza moja, na mazoezi ya vitendo huanza muhula gani. Shule nyingine huyasukuma hadi wiki za mwisho kabla ya karatasi ya 3, watoto wanaingia hawajui kupima kwa byureti. Uliza pia kama AS, nusu ya kwanza ya A-Level, inafanywa mwaka wa kwanza. Alama zake zinaweza kubebwa kwenda A-Level ndani ya miezi 13, na somo moja likiharibika analirudia hilo tu, Oktoba na Novemba.

Hombolo82
IB nayo inaruhusu kurudia somo moja, tusimtishe mama wa watu.

Mwl_AreaC
Sijakataa. Hoja yangu ni Fizikia. Mama, kwenye mock ya mkoa Fizikia alipata ngapi?

Mzazi_Ilazo
C. Kemia B, Baiolojia A, Hesabu C. Baba yake ameshatuma nusu ya amana ya Moshi leo mchana, ndiyo naona ujumbe wa benki sasa hivi.

Mdau_Kisasa
Nusu tu? Pigeni simu kesho asubuhi kabla hamjamalizia, muulize hicho kibali cha sayansi ya tatu, na wajibu kwa maandishi.