C10 ya 1970 Texas: muuzaji anasema V8 ni ya kiwandani. Nikague nini kabla ya kutoa hela?

KijanaWaFortWorth

Wakuu habari za leo. Niko Texas, nimepata pikapu Chevrolet C10 ya 1970, bodi ya nyuma ndefu ya futi 8. Muuzaji anataka dola 14,500. Anasema injini ya 350 V8 (ujazo wa inchi 350) ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, gia ni otomatiki, na rangi ilipigwa "miaka michache iliyopita". Namba ya chasisi kwenye picha inaanza na CS140. Bajeti yangu, matengenezo yakiwemo, ni dola 20,000.

Mipango: kuishusha, kuweka breki za diski mbele, kuikata iwe fupi, na baadaye kuweka injini ya kisasa ya lita 5.3. Nataka niwe naenda nayo kazini siku mbili tatu kwa wiki. Nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

Spana_Tisa

Mkuu, jibu la swali la kwanza umeliandika mwenyewe. Isome hiyo namba taratibu. C maana yake inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. 4x4 ingekuwa K. Herufi ya pili ndiyo injini: E ni V8, S ni silinda sita. 1 ni nusu tani, 4 ni pikapu, 0 ni mwaka 1970. Kwa hiyo gari hilo lilizaliwa na silinda sita. Hiyo 350 imehamia, haikuzaliwa hapo.

Kuhamia si dhambi, C10 nyingi ziko hivyo. Ila usilipe bei ya "injini ya kiwandani", na kagua kazi ilifanywaje. Radieta ya silinda sita ni nyembamba, ukiikuta bado imo tegemea joto kupanda kwenye foleni. Angalia viti vya injini visiwe vimeungwaungwa kwa vipande vya chuma. Namba ya bloku iko nyuma ya injini upande wa dereva, pale inapokutana na gia boksi. Piga brashi ya waya. 350 nyingi za kipindi hicho zina 3970010.

Fungua na kisanduku cha dashibodi. Ndani ya mlango wake kiwanda kilibandika karatasi yenye namba ya chasisi na orodha ya vitu gari lilivyotoka navyo. Ikiwa bado ipo, maneno ya muuzaji hayana kazi tena.

KutuHainaAdabu

Mimi injini ningeiangalia mwisho. Injini inang'olewa na kubadilishwa wikiendi moja, kebini iliyooza inakula pesa mwaka mzima.

Nenda na sumaku dhaifu, ile bapa ya kubandika kwenye friji, na kitambaa ili usikwaruze rangi. Sumaku kali itashika hata juu ya puti (ile plasta ya kuziba bati lililooza), itakudanganya. Pitisha kwenye kizingiti cha chini ya mlango, kona za chini za nyuma ya kebini, na sehemu ya chini ya madigadi ya mbele karibu na mlango. Pale inapoteleza na kuanguka, chini yake ni puti.

Kisha lala chini na tochi na bisibisi butu. Kizingiti kina bati la nje na la ndani. Mafundi wa haraka wanachomelea la nje tu, jipya linang'aa, la ndani ni unga. Gonga lile la ndani. Endelea mpaka kwenye vikalio vinavyobeba kebini juu ya chasisi. Vikioza kebini inakaa upande, na utaiona kwenye milango: nafasi ya juu na ya chini hazilingani, na mlango ukiufungua unashuka kidogo.

Sehemu wengi wanayoisahau ni matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele. Majani yanaingia, yanaziba njia ya maji, bati linaoza kwa ndani usipoliona. Mwaga lita mbili za maji pale, kisha nyanyua kapeti upande wa miguu. Ikilowa, hiyo kazi ni kubwa kuliko rangi yote ya gari.

Muulize pia gari limeishi wapi. La Arizona au Texas magharibi litakuwa na dashibodi iliyopasuka kwa jua na mipira iliyokauka, lakini bati zima. La Michigan au Ohio, ambako barabara zinamwagwa chumvi wakati wa baridi, hesabu ni nyingine. Dashibodi inauzwa, chasisi iliyoliwa na chumvi usiikaribie.

MamaKabureta

Ongezea harufu. Kwenye miaka hiyo tenki la petroli liko ndani ya kebini, nyuma ya kiti. Kaa ndani dakika tano vioo vimefungwa. Ukisikia petroli, mara nyingi ni mpira wa kujazia uliopasuka. Petroli ya siku hizi yenye ethanoli inakausha mipira ya zamani, kwa hiyo badilisha yote, ikiwemo ile mifupi karibu na pampu. Wengi wanahamisha tenki na kuliweka chini ya bodi, nyuma kati ya reli za chasisi.

Na kama 350 ina distribyuta ya HEI (ya elektroniki, isiyo na platini), pima volti kwenye waya wake ufunguo ukiwa umewashwa. Zile za platini zilitumia waya wenye ukinzani unaopunguza volti. Mtu akiunga HEI kwenye waya huo gari linawaka vizuri, likifika mwendo linakosa moto, naye anaanza kulaumu kabureta. HEI inataka volti 12 kamili.

Fundi_Breki

Naongelea breki tu. 1970 ni ngoma magurudumu yote manne, nati sita kila gurudumu. Diski za mbele zilianza kuja kama kawaida 1971, na nati zikawa tano kwa nusu tani ya 4x2. Hapo ndipo watu wanapojikwaa:

1. Spindo (kile chuma kinachobeba gurudumu la mbele) za 1971–72 haziingii kwenye bol jointi zako za 1970, ukubwa ni tofauti. Usinunue spindo peke yake, nunua seti iliyoandikwa kuwa ni ya 1967–70.
2. Ukiweka diski za nati tano mbele, nyuma bado una sita. Ama ununue seti yenye diski za nati sita, ama ubadilishe shafti za ekseli na ngoma za nyuma. Amua kabla ya kununua rimu.
3. Masta silinda ya ngoma ina vali ndogo inayobakiza presha kwenye paipu. Ukiiacha na diski, pedi hazirudi, zinasugua mpaka zinaungua. Weka masta ya diski na ngoma pamoja na vali ya kugawa presha.
4. Busta, ile inayokusaidia kukanyaga breki, inataka mvuto wa hewa wa injini wa kama inchi 18 za zebaki. Injini yenye kemu kali haifiki hapo, pedali inakuwa ngumu kama jiwe.

Kushusha kufanyike siku hiyo hiyo, maana spindo za kushusha inchi 2.5 zinakuja na seti nyingi za diski. Usikate springi. Nyuma, ukishusha inchi 4 kwa springi za koili, ekseli inasogea pembeni kwa sababu ile fimbo inayoizuia ni fupi, weka inayorekebishika. Zaidi ya hapo chasisi itataka kukatwa na kuimarishwa juu ya ekseli. Maliza kwa kupanga magurudumu.

Spana_Tisa

Kukata iwe fupi: ndefu ina inchi 127 kati ya ekseli, fupi 115. Si chasisi tu. Ni propela, paipu za breki, za mafuta, na mabati ya bodi. Kwa bajeti hiyo ningeuacha mpango huo. Ukitaka fupi, tafuta iliyozaliwa fupi na ukubali bei yake.

5.3 ichukue kwenye Silverado au Tahoe kabla ya 2007, kuepuka zile zinazozima baadhi ya silinda ili kuokoa mafuta, maana zinaua lifta (vipande vinavyosukuma vali). Ya 1999–2002 mara nyingi ina kebo ya akselereta. Za baadaye ni za umeme, utahitaji pedali na moduli yake. Inataka pampu ya petroli yenye presha ya psi 58. Fundi wa kompyuta aondoe ulinzi wa wizi, la sivyo inawaka sekunde mbili na kuzima. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya lori inaning'inia chini, kwa gari lililoshushwa badilisha.

Pwani_Houston

Swali la pembeni: ikikamilika inaweza kwenda Mombasa?

Fundi_Breki

Hapana. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na usukani lazima uwe kulia. Hiyo inagoma kwa yote mawili.

KijanaWaFortWorth

Nimerudi. Karatasi ya dashibodi ipo, silinda sita kweli. Sumaku imeanguka kona ya kulia ya kebini na kizingiti cha kulia. Cha ndani kimetoboka kwa bisibisi. Maji hayakuingia. Radieta ni ile nyembamba. Muuzaji ameshuka mpaka 11,000.

KutuHainaAdabu

Upande mmoja, vikalio vizima? Basi inachomeleka. Mwambie 10,000 na umwonyeshe tundu.

MamaKabureta

Kabla ya kutoa hela, jina kwenye hati ya umiliki lilingane na kitambulisho chake, na namba ilingane na bamba lililo kwenye nguzo ya mlango wa dereva na ile iliyogongwa kwenye chasisi. Asaini mbele yako, pamoja na fomu 130-U ya kuombea hati kwa jina lako. Una siku 30 kuihamisha, kodi ni asilimia 6.25. Na usichukue namba za usajili za Antique (za magari ya kale) kwa sababu ya unafuu: hizo ni za maonyesho, gwaride, klabu na kupeleka gereji. Wewe unaenda nayo kazini, chukua Classic au za kawaida.